Kabla ya Kulaumu Programu, Pima Betri

Jumamosi moja, binti wa darasa la sita katika klabu yetu aliandika programu ya kuitembeza roboti kwa umbo la mraba: nenda mbele sekunde 2, geuka kulia sekunde 0.6, rudia mara 4. Saa tatu asubuhi roboti ilifuata mstari wa chaki niliouchora sakafuni, kona kwa kona. Saa nne na nusu ikawa haimalizi kugeuka, inatoka nje ya mstari. Akabadilisha 0.6 kuwa 0.7, mambo yakatengemaa. Baada ya chai nikaiwekea betri iliyojaa, na roboti ikageuka kupita kiasi, ikaenda kugonga mguu wa dawati. Mtoto akafuta programu yote, machozi yanamlengalenga. Programu yake haikuwa na kosa hata moja.

Kilichobadilika ni volti. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2. Ikitumika hushuka, hukaa muda mrefu karibu na 3.7, na ikikaribia 3 roboti hujizima. Kwenye roboti nyingi za bei nafuu, kasi ya mota hufuata volti hizo, kwa hiyo sekunde 0.6 za asubuhi si sawa na sekunde 0.6 za mchana. Mwalimu asiyelijua hili atakaa saa nzima na watoto wakitafuta kosa kwenye programu iliyo safi, na mtoto ataondoka akiamini kwamba hawezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko gharama ya betri.

Ipo dalili nyingine iliyo rahisi zaidi kuitambua. Mtoto anabonyeza, roboti inasogea kidogo, taa zinapepesa, halafu inazima na kuwaka upya kana kwamba ndiyo kwanza umeiwasha. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo. Betri dhaifu ikishindwa kuuhimili mvuto huo, volti huporomoka na kompyuta ndogo iliyo ndani ya roboti hukosa umeme. Ijaribu hivi: inyanyue roboti ili magurudumu yazunguke hewani. Ikifanya kazi vizuri hewani lakini ikawa inajizima kila ukiiweka sakafuni, usiguse programu kwanza. Badilisha betri. Ukiwa na mita ya fundi, pima pia volti ya kila betri asubuhi na uandike.

Kuandika ni nusu ya kazi yote. Sisi tuna roboti 12, na kila roboti na betri yake vina namba moja, tumeibandika kwa tepu. Kwenye daftari tunaandika siku betri ilipochajiwa na muda iliodumu. Baada ya mwezi mmoja utajua bila kubahatisha kwamba namba 7 haikai na chaji, nawe hutampa mtoto roboti ya namba hiyo siku ya mashindano.

Chaji mchana, siku moja kabla, chumbani pakiwa na mtu. Usiziache betri zikichajiwa usiku kucha ndani ya ofisi iliyofungwa. Zipange kwenye sakafu ya saruji au meza isiyo na kitambaa, mbali na maboksi na vitabu. Watu wengi huchomeka roboti kwenye kompyuta kisha wakashangaa kwamba haijai. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, kwa hiyo betri ya miliampea-saa 1,800 itachukua karibu saa nne, pengine zaidi. Chaja nzuri ya simu ya volti 5 huharakisha kazi, na ikiwa ya ampea 2 haitaiunguza roboti inayohitaji ampea 1, maana roboti huvuta inachohitaji. Volti ndizo za kuziheshimu. Chaja ya betri ya EV3, roboti ya LEGO, ni ya volti 10 na pini yake ni ya duara. Ukikuta chaja nyingine ambayo pini yake inaingia, soma kwanza maandishi yaliyo mgongoni mwake, maana kuingia kwa pini hakukuhakikishii kwamba umeme unafaa.

Mwalimu mkuu akihofia gharama ya umeme wa LUKU, mfanyie hesabu. Ampea-saa 1.8 mara volti 3.7 ni wati-saa 6.7 hivi. Roboti 12 ni wati-saa 80, na ukiongeza umeme unaopotea njiani haizidi sana 100, yaani kama sehemu moja ya kumi ya uniti moja.

Umeme ukikatika, pawabenki ya miliampea-saa 10,000 itajaza roboti tatu hadi nne za aina hiyo. Kwa micro:bit, kibao kidogo cha kompyuta, ikiwa peke yake pawabenki haifai sana, kwa sababu kibao hicho huvuta umeme mdogo mno na pawabenki nyingi hudhani hakuna kitu kilichochomekwa, zikajizima. Kitumie kwa betri zake 2 ndogo za AAA.

Nikizitaja betri ndogo nazikumbuka betri za redio nyumbani, tulivyokuwa tukizianika juani au kuziuma kwa meno ili zimalizie taarifa ya habari. Watoto wa klabu wamerithi desturi hiyo na huileta darasani. Wakatazeni kabisa. Joto huizeesha haraka betri ya lithiamu, na kuiuma au kuikunja kunaweza kuiwasha moto. Usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani wala kwenye kabati lililo chini ya bati tupu. Roboti iliyotoka kukimbia ikiwa ya moto, ipumzishe dakika 20 kabla ya kuichaji.

Kwa roboti zinazotumia betri za AA, kama mBot ambayo hukubali nne za AA au moja ya lithiamu ya volti 3.7, nunueni mara moja zile zinazochajika, muachane na gharama za kila wiki. Mjue tu kwamba kila moja ina volti 1.2, wakati ya kawaida ina 1.5. Nne zitatoa 4.8 badala ya 6, na roboti itapungua kasi kidogo. Msichanganye mpya na kuukuu wala za aina mbili, kwa sababu iliyo dhaifu itasukumwa na wenzake mpaka ivuje. Betri isiyoandikwa kwamba inachajika isiingie kwenye chaja.

Ukinunua za lithiamu zile za duara za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, utakuta zilizoandikwa miliampea-saa 9,900. Usizilipie bei ya namba hiyo. Nzuri za ukubwa huo huwa karibu na 3,500.

Likizo ndiyo inayoua betri nyingi. Mwaka mmoja tulifunga mwezi wa 12 roboti zikiwa zimekwisha chaji, tukafungua Januari na nne kati ya 12 hazikupokea chaji tena. Betri iliyo tupu huendelea kushuka polepole yenyewe, na ikishuka mno chaja huikataa kwa usalama. Fundi wa simu anaweza kuishtua ikaonekana imefufuka, lakini ndani imeshaharibika, nami siwezi kuirudisha mikononi mwa mtoto. Siku hizi tunazifunga zikiwa na chaji kama nusu, swichi imezimwa, betri imechomolewa kama inachomoleka, na mtu mmoja anapita kila mwezi kuzikagua.

Betri iliyovimba, hata kidogo, imekwisha kazi. Usiitoboe kutoa hewa. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya darasa, na isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Ulizia kwa wanaokusanya vifaa chakavu vya umeme.

Turudi kwa yule binti. EV3 na SPIKE Prime, roboti nyingine ya LEGO, zina mota zinazohesabu nyuzi, kwa hiyo mtoto aandike geuka nyuzi kadhaa, si sekunde kadhaa, na kona zitabaki karibu zilezile hata chaji ikishuka. Roboti yake haina uwezo huo, basi nilimpa futi kamba na kazi mpya: iendeshe mbele sekunde 2, pima sentimita, rudia kila baada ya dakika 15 mpaka izime. Aliandika safu mbili kwenye daftari, muda na umbali, akachora mstari unaoteremka. Wiki iliyofuata nilimkuta amempokonya mita ya fundi mvulana wa darasa la saba, anampimia betri kabla hajamruhusu kugusa programu yake.