Farasi, Mpagazi na Injini ya Mvuke: Somo kutoka Njia ya Voi na Taveta

Huko Uingereza watu wana desturi ya kukusanyika katika uwanja mpana wakati wa kiangazi ili kuitazama mitambo ya mvuke ya zamani. Mitambo hiyo hupigwa rangi na kusuguliwa mpaka ikang'aa, kisha huwashwa moto ikanguruma kama ilivyonguruma siku za mababu. Kando yake huonyeshwa farasi wakubwa wa kazi, ambao mmoja aweza kufikia uzito wa karibu tani moja, wakikokota plau na magari mazito. Wazee huja kukumbuka, na watoto huja kujifunza.

Labda msomaji atauliza, Je, mambo hayo yatuhusu nini sisi tukaao Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta? Jibu ni kwamba yatuhusu sana. Mvuke ulipita katika nchi hii kwa miaka mingi, na farasi walipita pia, ingawa hawakukaa. Na ilipokuwa farasi hawawezi kazi na injini haijafika, yuko mwingine aliyeubeba mzigo. Somo letu la leo lahusu hao watatu.

NGUVU YA FARASI NI NINI?

Kabla ya injini kuenea, watu wa Ulaya walipima kazi kwa farasi. James Watt wa Scotland, ambaye katika karne ya 18 aliitengeneza injini ya mvuke ikawa bora kuliko zile zilizoitangulia, alitaka kuwaeleza wanunuzi injini yake yaweza kufanya kazi ya farasi wangapi. Akapima, akaweka kipimo kiitwacho nguvu ya farasi mmoja. Kwa vipimo vyetu vya siku hizi ni sawa na kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa kila sekunde. Kipimo hicho kingali kikitumika, maana hata leo mtu akinunua trekta au pampu ya maji huuliza ina nguvu za farasi wangapi.

Na injini ya mvuke hufanyaje kazi? Mama apikaye ugali amekwisha kuiona siri yake. Maji yakichemka katika sufuria, kifuniko huanza kuruka-ruka. Sababu ni kwamba maji yageukapo mvuke hutaka nafasi kubwa mara 1,600 na zaidi kuliko nafasi yake ya kwanza. Katika injini, maji huchemshwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kiitwacho boila. Mvuke ukikosa pa kutokea husukuma kwa nguvu nyingi; hupelekwa kwa bomba mpaka kwenye pistoni, nayo husukumwa mbele na nyuma. Vyuma virefu vilivyofungwa kwenye pistoni huyazungusha magurudumu. Moto, maji na chuma: basi hayo ndiyo yote.

Lakini angalia neno la pili, yaani maji. Injini ya mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe wa boma zima. Kwa hiyo reli iliyojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, ilipata taabu kubwa katika nyika ya Taru, ambako maji ni haba mno. Kituo kama Voi kilikuwa na thamani kwa sababu hiyo. Mahali pa kupatia maji palikuwa ndipo mahali pa kusimama, na mahali pa kusimama palikuja kuwa mji.

KWA NINI FARASI HAWAKUKAA KWETU

Wengine hudhani kwamba farasi hawakuenea katika nchi yetu kwa kuwa watu hawakujua kuwafuga. Sivyo. Adui wa farasi ni mdogo sana, naye ni mbung'o. Anapomwuma mnyama humwachia vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Mnyama hukonda, huishiwa damu, na mwisho hufa. Nyika yote iliyo baina ya pwani na milima ya Taita ilikuwa na mbung'o wengi. Wanyama wa kukokota walioletwa kuijenga reli, wakiwa nyumbu, punda, ng'ombe na ngamia, walikufa kwa wingi.

Jambo hilo lilionekana zaidi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Agosti, 1914, Wajerumani waliitwaa Taveta. Katika mwaka wa 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli ya vita kutoka Voi, ikipita Bura na Maktau kuelekea Taveta. Karibu na Maktau, tarehe 3 Septemba, 1915, palitokea mapigano ya askari wapandao wanyama; hapo aliuawa Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, ambaye alipewa nishani ya Msalaba wa Victoria. Kaburi lake liko Voi hata leo. Tarehe 12 Februari, 1916, askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Lakini mwezi wa Machi mwaka huo Taveta ilirudishwa mikononi mwa Waingereza.

Baada ya hapo jeshi lilisonga mbele katika nchi ya Wajerumani, likiwa na askari wengi waliopanda farasi. Njiani kuelekea Kondoa Irangi, katika mwezi wa Aprili, 1916, farasi walianguka kwa mamia kwa maradhi, mvua na njaa. Mwaka haukupita kabla ya kudhihirika kwamba vita vya nchi hii havitaendeshwa kwa farasi.

MZIGO ULIMWANGUKIA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Farasi akifa, mzigo wake haufi. Reli ilikuwa imefika mahali fulani tu, na mbele ya mwisho wa reli hapakuwa na barabara. Kwa hiyo chakula, risasi na dawa viliwekwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walikusanywa kutoka kila upande, wengi wao kwa kulazimishwa. Kikosi chao kilijulikana kwa Kiingereza kwa jina ambalo watu waliligeuza likawa Kariakoo, na hata leo liko katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam.

Tufanye hesabu ili tufahamu. Mpagazi aweza kubeba kilo 25 hivi. Injini kubwa za mvuke zilizopita Voi tangu mwaka wa 1955, zile zilizoitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ziliweza kukokota tani 1,200, pamoja na mabehewa, kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Tuseme nusu tu ya uzito huo ni bidhaa, yaani kilo 600,000. Gawanya kwa 25: utapata wapagazi 24,000 kwa safari moja ya gari moshi moja! Tena injini haili unga wa mzigo wake. Mpagazi alaye kilo moja kwa siku, akipewa mzigo wa unga, atakuwa ameumaliza mzigo wote kwa siku 25, wala hajafikisha kitu.

Hesabu rasmi zilizofanywa baada ya vita zilitaja wapagazi na wafanyakazi wa vita zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza, na wataalamu wengi waona kwamba idadi ya kweli yaipita hiyo. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Ukienda kwenye makaburi ya vita ya Voi au Taveta utaona majina ya askari yamechongwa juu ya mawe. Wapagazi walio wengi hawana jiwe wala jina. Katika mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wazi kwamba watu hao hawakupewa heshima sawa na wenzao.

MAHALI PA KUTAZAMA NA KUJIFUNZA

Treni ziendazo Mombasa na Nairobi katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 hukokotwa na injini za dizeli, na baadhi yake husimama Voi. Atakaye kuona mvuke na aende kwenye Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo imo injini nambari 5918, Mount Gelai, moja katika zile 34 zilizoundwa Manchester. Uzito wake wapata tani 250. Simama kando ya magurudumu yake, uweke mkono juu ya chuma, ndipo ukumbuke ile hesabu ya watu 24,000.

Lakini hata asiye na nauli aweza kujifunza. Walimu wa Voi, Maktau na Taveta na wawachukue watoto kwenye makaburi na kwenye njia ya reli ya zamani. Wazee nao waulizwe: katika ukoo wetu ni nani aliyechukuliwa kwenda Kariakoo, na je, alirudi? Jina likipatikana liandikwe daftarini siku ile ile, maana asemaye leo huenda kesho hayupo. Injini hutunzwa kwa rangi na mafuta. Mtu aliyesahauliwa hutunzwa kwa jina lake tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kifuniko cha sufuria huruka maji yachemkapo?

2. Ni sababu gani iliyowazuia farasi kukaa katika nyika yetu?

3. Ikiwa mpagazi abeba kilo 25, tani 10 za unga zataka wapagazi wangapi? Nao wakila kilo moja kila mmoja kwa siku, baada ya siku 10 utabaki unga kiasi gani?