Unapika mafuta ya mchaichai nyumbani? Weka pipa la kati

Somo la leo ni refu kidogo, kaa nalo. Linawahusu mnaouza mafuta ya mchaichai au mkaratusi kwenye WhatsApp na Instagram na mnayapika wenyewe nyuma ya nyumba.

Nianze na aibu yangu. Mara za kwanza nilipika mchaichai hapa Bariadi kwa mtambo ambao wengi tunaanza nao: sufuria kubwa yenye mfuniko, bomba, na koili iliyozama kwenye pipa la maji. Majani na maji vyote ndani ya sufuria, kuni chini. Mafuta yakatoka, nikapiga picha nzuri, nikatuma chupa sita Mwanza kwa basi. Kesho yake mama mmoja akanitumia sauti: "Mwanangu, hujambo? Mzigo nimeupata. Ila haya mafuta mbona yananuka kama chai iliyoungulia?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, naomba unisamehe, hela yako narudisha leo." Nikarudisha ya chupa zote sita, maana zilitoka kwenye mpiko mmoja. Nauli ya mzigo nayo ikaenda.

Kosa halikuwa kwenye mchaichai. Majani yakichemka ndani ya maji, mengine hukaa chini kwenye kitako cha sufuria, moto unayaunguza, na ile harufu inapanda na mvuke moja kwa moja hadi kwenye chupa. Pia povu likipanda sana, maji machafu ya majani yanavuka bombani na kuingia kwenye mafuta. Mkononi unaona kitu cha kahawia badala ya njano.

Dawa yake ni chombo cha pili, kati ya sufuria na koili. Mimi nakiita pipa la kati. Wazo lenyewe ni la zamani. Wapikaji wa pombe kali kwenye milima ya Appalachia, Marekani, waliweka kasiki katikati, mvuke ukawa unaingia chini yake na kububujika kwenye kimiminika, ukigonga du, du, du. Mvuke ule unakipasha moto kimiminika bila kuni nyingine, kinachemka tena, na kinachotoka ni kama kimepikwa mara mbili. Sisi hatupiki pombe. Tunachukua kanuni moja tu: mvuke wa chombo cha kwanza ufanye kazi kwenye chombo cha pili, moto usikiguse. Ndani ya pipa letu la kati tunaweka majani, na sufuria inabaki na maji matupu.

Sasa tuingie kwenye utengenezaji.

Pipa la kati la kuanzia, keni ya maziwa ya lita 20 yenye mfuniko unaobana inatosha. Ya stenlesi ni bora, ila ya alumini unaweza kuanza nayo. Mwambie fundi akukatie wavu wa stenlesi ukae sentimita 8 hivi juu ya kitako. Majani yatakaa juu ya wavu. Bomba la mvuke kutoka kwenye sufuria liingie chini ya wavu, na mdomo wake usiguse kitako. Bomba la kutokea liwe kwenye mfuniko, literemke kwenda kwenye koili. Chini kabisa weka koki ndogo ya kumwagia maji, kwa sababu mwanzoni keni ikiwa ya baridi mvuke mwingi utageuka maji na kujaa pale. Ukisikia inagonga, ujue maji yamefika kwenye mdomo wa bomba. Fungua koki, yatoe, funga. Koki hiyo ndiyo pekee inayoruhusiwa kwenye mtambo wote. Kwenye njia ya mvuke usiweke koki yoyote, hata kama fundi anakwambia inapendeza.

Bomba liwe la shaba, lile la mafundi friji, au stenlesi. La sufuria kwenda kwenye keni lisiwe jembamba, milimita 20 kwa ndani ni sawa. Usitumie bomba la maji la chuma lililopakwa zinki, wala rejeta ya gari kuwa koili. Rejeta nyingi za zamani zimeungwa kwa risasi, na hiyo ni sumu. Mpira na plastiki navyo hapana, mafuta ya mchaichai yanavilainisha na kubeba harufu yake. Kwenye viungo vinavyovuja mimi napaka ugali mzito wa unga wa ngano. Unakauka na joto, unaziba, na siku ya pili unaukwangua. Keni yenyewe izungushie magunia makavu, isipoteze joto.

Hapa ndipo naomba usiruke mstari. Mtambo wa mvuke ulioziba ni bomu. Majani yakishindiliwa sana au koili ikiziba, shinikizo linapanda kwenye sufuria na mfuniko unaweza kuruka na kukumwagia maji ya moto usoni. Kwa hiyo kwenye mfuniko wa sufuria pitisha bomba jingine wima, wazi juu na chini, la milimita 20. Chini lifike karibu na kitako, ndani ya maji. Juu lipande kama mita moja, mdomo ukielekea mbali na watu. Bomba hili lina kazi tatu. Shinikizo likizidi, maji yanapanda na kumwagika juu, unajua kuna tatizo na unavuta kuni. Maji ya sufuria yakikaribia kuisha, mvuke unaanza kutoka juu ya bomba, unajua sufuria inataka kuungua. Ya tatu wengi hawaijui: moto ukizima, sufuria inapoa na kuvuta. Bila hewa kuingia, itanyonya maji machafu kutoka kwenye keni hadi kwenye sufuria, na sufuria nyembamba inaweza hata kubonyea. Bomba la wima linaingiza hewa kabla hayo hayajatokea.

Upikaji wenyewe si mgumu. Mchaichai uache unyauke siku moja kivulini, ukate vipande, upange kwenye keni sawasawa bila kushindilia na bila kuacha matundu makubwa, maana mvuke ni kama mbuzi, ukiona upenyo unapita hapo hapo na majani mengine yanabaki na mafuta yake. Sufuria ijae theluthi mbili tu. Mafuta mengi yanatoka mapema, na baada ya saa moja na nusu unachoma kuni bure. Pokea kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Mafuta ya mchaichai na mkaratusi yanaelea juu ya maji. Ya karafuu ndiyo yanazama, kwa hiyo ndugu zetu wa Pemba, ambako kiwanda cha ZSTC pale Wawi kinakamua mafuta ya makonyo kwa mvuke huu huu, wao wanayatafuta chini.

Kwa sisi wa Simiyu shida kubwa ni maji ya kupoozea, hasa kiangazi. Nimepiga hesabu: pipa la lita 200 lenye maji ya nyuzi 25 linaweza kugeuza mvuke wa lita 10 hivi kuwa maji kabla halijafika nyuzi 55. Hiyo inatosha mpiko mmoja wa keni bila kubadilisha maji. Jioni yaache yapoe, kesho yatumie tena. Na ukitaka kujaza sufuria kwa mpiko wa pili, chota hayo ya vuguvugu juu ya pipa, utaokoa kuni.

Kuhusu hela, tuambiane ukweli. Mchaichai mbichi unatoa kama gramu 2 hadi 4 za mafuta kwa kilo. Keni ya lita 20 inaingia kilo 4 au 5, kwa hiyo unapata chupa moja ya mililita 10, ukibahatika moja na nusu. Mkaratusi mzuri unaweza kukupa gramu 10 kwa kilo, wakati mwingine zaidi, ila inategemea aina ya mti. Ukiona mtu mtandaoni anauza lita nzima ya mafuta ya mchaichai kwa bei ya soda, jua hapo kuna mafuta ya kula. Usishindane naye kwa bei. Uza pia yale maji yenye harufu yanayobaki chini ya mafuta, wanawake wengi wanayapenda kwa kupulizia chumbani na kwenye shuka. Mimi yalinirudishia gharama ya keni kabla mafuta hayajafanya hivyo.

Jambo jingine ni jirani. Sufuria, bomba na koili kwenye pipa, mtu akichungulia uani anaona gongo. Na kupika gongo bila leseni ni kosa, sheria yake, ile ya Moshi, ipo tangu 1966. Kwa hiyo kabla ya mpiko wa kwanza muite mwenyekiti wa mtaa aje aone majani yakiingia kwenye keni. Usiweke kamwe kitu kilichochachuka kwenye mtambo huo, hata kwa majaribio, hata shemeji akikubembeleza. Nenda na SIDO hapa mjini, wakutambue. Barua yao ndiyo inayokufungulia mlango wa TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi baada ya kazi hiyo kutoka TFDA.

Na kwenye tangazo usiandike "inatibu". Ukiandika hivyo bidhaa yako inahesabiwa dawa, na huko ni ofisi nyingine na masharti mengine. Andika harufu, andika matumizi. Kwenye lebo ya mkaratusi weka kwa herufi kubwa: USINYWE, WEKA MBALI NA WATOTO. Mafuta haya mtoto akinywa hata kidogo anaweza kupoteza fahamu, na chupa ndogo ya kahawia inafanana kabisa na ya dawa ya kikohozi.

Kabla hujafunga mzigo, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, subiri dakika kumi, nusa. Likinuka moshi, hilo usiuze. Kila chupa iandikie tarehe ya mpiko, mteja akilalamika ujue zipi za kuzirudisha na zipi za kuziacha. Yule mama wa Mwanza nilimtumia chupa ya mpiko mpya bila malipo, na sasa ananunua mbili kila mwezi, moja yake, moja ya dada yake.