Kucha za Kumetameta kwa Gharama Ndogo



Msimu wa harusi na sikukuu, vikundi vingi vya akina mama na wasichana hupaka kucha ili kutunisha mfuko wa kikundi. Siku hizi mteja huja na picha kwenye simu na kusema, "Nataka kama hizi." Kumbe picha ni ya rangi ya bei ghali yenye vimetameta. Wapo watakaosema hii ni anasa. Sisi tunasema bibi harusi akishaamua kupaka, heri pesa zibaki hapa kijijini. Je, kikundi kinunue chupa ile ya ghali? Hapana.

Tuchukue mfano. Deborah Lippmann wa Marekani huuza rangi ya kucha iitwayo Happy Birthday kwa takribani dola 20 chupa moja, yaani zaidi ya shilingi 2,000 kabla ya nauli. Ukiitazama kwa makini, ni majimaji yasiyo na rangi, ndani yake mna vipande vya rangi nyingi, vikubwa kwa vidogo. Siri ni huo mchanganyiko. Rangi yetu ya dukani, ambayo wengi huiita Cutex hata ikiwa ya kampuni nyingine, mara nyingi huwa na vimetameta vya ukubwa mmoja tu. Basi nunueni chupa mbili za bei nafuu, moja ya vipande vikubwa na moja ya unga laini, mpake moja juu ya nyingine.

Anzeni na kucha safi, kavu, zisizo na mafuta. Pakeni kwanza rangi ya chini inayokaribiana na vimetameta, kwa mfano kijivu chini ya rangi ya fedha. Hapo mapengo kati ya vipande hayaonekani. Ikikauka, kateni kipande kidogo cha sponji ya godoro, mkipake vimetameta, kisha mgongegonge polepole juu ya ukucha. Sponji hunyonya majimaji na kuacha vipande vimesongamana. Kwa brashi peke yake mngerudia mara tatu au nne, na chupa ingeisha upesi. Malizieni kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, nyembamba nyembamba, mpaka kidole kikipita juu kisikwaruzwe.

Sasa tahadhari. Wengine hununua vimetameta vya kupambia kadi na kuvimimina kwenye chupa. Majimaji ya rangi ya kucha ni makali, nayo huyeyusha rangi ya vimetameta vingi vya aina hiyo. Vingine ni vya kioo, vikiingia jichoni ni hatari. Kama ni lazima mchanganye wenyewe, tafuteni vile vya vipodozi, mjaribu kidogo kwenye kichupa kwa siku chache. Majimaji yakigeuka rangi au vipande vikijikunja, tupeni. Rangi ikiwa nzito, msiongeze thina ya rangi ya nyumba wala petroli jamani! Iko thina ya rangi ya kucha yenyewe, matone mawili matatu yanatosha. Vitu hivi vyote hushika moto upesi, kwa hiyo fanyeni kazi mlango ukiwa wazi, mbali na jiko na koroboi.

Kutoa vimetameta ni kazi kuliko kupaka. Loweshani pamba kwa asetoni, iwekeni juu ya ukucha, mfunge kidole kwa karatasi ya foili dakika 10, kisha mvute. Msikwangue, ukucha utachubuka. Kwa mteja wa siku moja tu, pakeni kwanza gundi nyeupe ya shule, mwache ikauke. Baadaye rangi yote hubanduka kama ganda, lakini msimwahidi kwamba itadumu wiki.

Tupige hesabu. Tuseme rangi ya chini ni shilingi 100, vimetameta chupa mbili 200, na ile isiyo na rangi 100. Jumla 400. Zikitosha wateja 10, kila mmoja anakula shilingi 40. Mkitoza 50, inabaki 10, na hapo pamba na asetoni hatujazitoa, wala saa nzima ya mpakaji. Hesabuni wateja kwa kila seti na mwandike kwenye daftari. Bei nayo ipitishwe mkutanoni kabla mteja wa kwanza hajaketi, maana jirani akishazoea 50 hatakubali 100.