Mpera wa Uani na Maradhi ya Kuhara

Ni nadra mtu kupita katika vitongoji vya Jinja, tangu Walukuba hata Masese ufukoni mwa ziwa, ama kuzifuata njia za Mbale zielekeazo mlima Wanale, asiuone mpera umeota kando ya ua, aghalabu pasipo kupandwa na mtu, kwa kuwa ndege hula mapera wakazitawanya mbegu. Tunda lenyewe lina vitamini C takriban mara nne ya ile ya chungwa. Lakini sifa yake kwa akina bibi imo katika majani.

Majani machanga huchumwa, yakaoshwa, yakatokoswa hata maji yakawa ya rangi ya kahawia, na mwenye kuyaonja, ambaye sidhani atatamani kuongezwa, huhisi ulimi umekazana kwa ukakasi. Ukakasi huo ni wa tanini, ibanayo utando wa tumbo, na pamoja nayo imo kwesetini, ambayo wataalamu wameiona ikituliza msokoto wa utumbo. Basi wazee walikuwa na hoja, na mtu mzima aharaye kidogo hana lawama akinywa kikombe.

Mtoto ana hukumu nyingine. Kuhara humwua kwa kumkausha maji na chumvi ya mwili, wala jani la mpera, hata likifunga tumbo, halirudishi kilichopotea. Kwa hiyo mpeni kwanza chumvichumvi za pakiti za kuongeza maji mwilini, na zikikosekana, changanyeni katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa vijiko vidogo 6 vya sukari, visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko cha chumvi, mkimnywesha kidogo kidogo, hata akitapika. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kila siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6, ambaye maji ya mpera asipewe kabisa, bali azidishiwe ziwa la mama.

Hadhari hii yahitajika hususan baada ya mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale, kwani maji ya gharika huchukua uchafu wa vyoo hadi visimani. Macho ya mtoto yakididimia, akilia bila machozi, au damu ikionekana chooni, iacheni sufuria ya majani jikoni, mkampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, mkimnywesha njiani.