Kuona na Kutenda: Video Katika Mafunzo ya Wauguzi wa Watoto



Mwezi huu tuangalie jambo linalomgusa kila mzazi: ujuzi wa muuguzi anayempokea mtoto mahututi. Mtoto akitolewa Nungwi au Makunduchi na kufikishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini, muuguzi ndiye anayekesha naye. Hali ya mtoto mdogo hubadilika upesi. Dalili isipoonwa mapema, twaweza kumpoteza.

Kwa nini video?

Mtoto mwenye nimonia kali hubonyea kifua: anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani badala ya kutoka nje. Kitabu chaweza kueleza hivyo, lakini picha iliyotulia haionyeshi mwendo. Video huuonyesha. Muuguzi huisimamisha, huirudia, hulinganisha mtoto mzima na mgonjwa, wala hamsumbui mgonjwa yeyote.

Ndiyo maana mafunzo ya tiba ya watoto ya WHO na UNICEF, ambayo Tanzania iliyapokea mwaka 1996, yaliambatana na mazoezi ya video. Siku hizi shirika la Global Health Media Project la Marekani hutoa bure filamu fupi za kufundishia wahudumu wa afya, zikiwamo za Kiswahili. Muuguzi aweza kuzitazama hata kwenye simu.

Je, kutazama kunatosha?

Hapana. Tujifunze kutoka Hospitali ya Haydom, Tanzania Bara. Mwaka 2010 wahudumu walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini katika chumba cha kuzalia, utendaji wao haukubadilika. Baadaye yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua.

Fundisho hilo lahusu video pia. Jicho likishaona, mkono nao lazima uzoee. Utaratibu mzuri ni huu:

1. Kutazama video fupi ya jambo moja.
2. Kulifanya papo hapo kwa mwanasesere.
3. Kusahihishwa na mwenzako au msimamizi.
4. Kurudia mara kwa mara, hata kwa dakika chache.

Nanyi wazazi

Jicho la mzazi nalo hufundishika. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, ngojeni atulie, mfunueni kifua, kisha hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa pumzi ni:

– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kwa wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea asiamke, msingoje kupambazuke. Mkifika, mwambieni muuguzi mlichokiona na kilianza lini.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kubonyea kwa kifua ni nini?
2. Kwa nini mafunzo ya siku moja hayatoshi?
3. Usiku wa manane, nani atatusafirisha hadi hospitali?