Programu ipi itashika kazi za kikundi chetu cha matangazo?

Mjini Bunia kuna vikundi vidogo vinavyoishi kwa kutangaza. Vijana huandika vitambaa vya kufunga juu ya barabara, hurekodi matangazo ya redio, huchapa fulana, hupita sokoni na kambini wakiwa na kipaza sauti. Baadhi yao ni wakimbizi wa ndani waliotoka Djugu na Irumu. Wateja wao ni akina mama wanaouza sabuni, wenye maduka, makanisa, shule, na mara nyingine mashirika kama letu yanayotaka ujumbe wa afya au wa amani ufike upesi. Hiyo ni kampuni ya matangazo, hata kama ofisi yake ni turubai na meza moja.

Kazi zikiwa mbili, mratibu anazikumbuka. Zikifika saba au nane, mteja mmoja anasahauliwa, mwingine anafanyiwa kazi mara mbili, na hakuna anayejua nani alipokea malipo ya kwanza. Ndipo mmoja anasema, "Tutafute programu ya kompyuta." Somo hili ni kwa vikundi vilivyofika hapo, na pia kwa wazee na viongozi wa kambi ambao vijana wao wanawaomba msaada wa kuinunua.

Jambo hili si la ofisi tu. Watu wa Ituri wanakumbuka vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017. Kikundi ambamo Wahema, Walendu, Waalur na Wabira wanafanya kazi pamoja ni kitu cha thamani, lakini hakijawa na mizizi mirefu. Tangazo la mteja wa upande mmoja likitoka, na la upande wa pili likasahauliwa, hakuna atakayesema kwamba daftari lilipotea. Watasema limefichwa. Na tuliona wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliowaua zaidi ya watu 2,200 katika mashariki ya nchi yetu, jinsi ujumbe unaochelewa unavyoacha nafasi kwa uvumi.

Fuateni tangazo moja kwanza

Kabla ya kuulizia programu, kaeni pamoja. Chagueni tangazo moja mlilolimaliza na mlisimulie tangu agizo hadi malipo. Tuseme ni sabuni ya akina mama wa kambi, wanaotaka ijulikane kabla ya siku ya soko. Mtu alipokea agizo. Mwingine alipatana bei. Mtu aliandika maneno, mwingine akayatafsiri. Kiswahili hufika kwa watu wengi hapa, lakini mzee aliyekimbia kutoka kijijini husikiliza vizuri zaidi lugha yake. (Mtafsiri mmoja wa Kilendu hutumikia watu wengi kuliko tunavyodhani: Wahema wa kaskazini, wale wa Djugu, wengi wao lugha yao ya nyumbani ni hiyo hiyo.) Kisha mteja alisomewa maneno, akakubali au akakataa neno moja. Sauti ikarekodiwa na kupelekwa redioni, Radio Candip kwa mfano, au kituo kingine cha mji. Tangazo likapita, mtu akasikiliza kama limepita saa iliyopatanwa, na mwishoni mteja akamaliza deni.

Hesabuni mikono iliyoshika kazi hiyo. Ulizeni: ililala wapi siku nyingi zaidi? Katika vikundi tunavyovitembelea, mara nyingi haikulala kwa mwandishi wala kwa fundi wa sauti. Ililala pale mteja alipongojewa akubali maneno, na hakuna mtu mmoja aliyepewa kazi ya kumfuata. Programu ya bei kubwa haitakwenda kambini kumtafuta mama wa sabuni. Lakini ikiwa mnajua kwamba hapo ndipo kazi inakwama, mtajua ni kitu gani programu iwaonyeshe kila asubuhi.

Ubao ukutani

Programu nyingi za leo zimeiga jambo la zamani. Katika viwanda vya Toyota huko Japani, mhandisi Taiichi Ohno alipanga kazi kwa kadi zilizotembea kutoka hatua moja hadi nyingine. Kadi hiyo iliitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao cha alama. Aliyetazama kadi alijua kazi imefika wapi bila kumwuliza mkubwa.

Ninyi mnaweza kufanya hivyo kwa ubao wa mbao, chaki na vipande vya karatasi. Chora safu tano: imeombwa, inaandikwa, inangoja mteja, iko redioni au kwa mchapaji, imelipwa. Kila kazi ina karatasi moja, na kila karatasi ina jina la mtu mmoja na tarehe ya kukabidhi. Tunasisitiza mtu mmoja. Karatasi yenye majina matatu ni karatasi isiyo na mwenyewe. Kwa wasiosoma, chora alama: kipande cha sabuni, kengele ya shule, mfuko wa simenti.

Ubao una uzuri ambao kompyuta haina. Mama wa sabuni anaingia, anaiona karatasi yake bado katika safu ya pili, anauliza kwa nini. Mlendu anaona kazi ya Mhema, na Mhema ya Mlendu, zote zikitembea kwa utaratibu mmoja. Utumieni walau mwezi mzima. Udhaifu wake utajionyesha wenyewe: mvua, upepo, watoto, na mwenzenu aliye kambi nyingine ambaye hauoni. Yaliyofutwa pia hayarudi, kwa hiyo mwisho wa mwaka hamwezi kujua mteja fulani alilipa kiasi gani. Shida hizo ndizo mtakazoipelekea programu.

Zilizopo, na kila moja inafaa nini

Basecamp ilitoka mwaka 2004. Waliyoitengeneza walikuwa kampuni ndogo ya Chicago, 37signals, iliyokuwa ikiwatengenezea wateja kurasa za intaneti, na walihitaji mahali pa kupanga kazi zao wenyewe. Kwa hiyo inaelewa vizuri mambo ya wateja na tarehe. Lakini ilifikiriwa kwa ofisi yenye intaneti kutwa.

Trello, ya mwaka 2011, ni ule ubao wenu uliowekwa ndani ya simu: safu, kadi, jina, tarehe. Ipo kwa Kifaransa. Aliyezoea ubao wa mbao huielewa kwa saa moja, na kwa sababu hiyo tunaipendelea kwa vikundi vinavyoanza. Katika simu inaruhusu kuandika hata mtandao ukiwa haupo, kisha hupeleka mabadiliko ukirudi. Tangu mwaka 2024, matumizi ya bure yana mpaka wa watu 10 wanaoshirikiana. Mkiwa 14, fikirini vizuri nani anahitaji kuingia.

GanttProject ni ya bure na hukaa ndani ya kompyuta, haihitaji intaneti. Inachora kazi kama mistari juu ya kalenda, kwa namna iliyoenezwa na mhandisi Mmarekani Henry Gantt miaka ya 1910. Inafaa kwa kampeni moja ndefu yenye hatua zinazongojeana, kwa mfano miezi mitatu ya matangazo ya kurudisha watoto shuleni. Kwa maagizo madogo ya kila siku ni mzigo.

Jedwali la kawaida, la Excel au la LibreOffice ambayo ni bure, tusilidharau. Safu moja ya kazi, moja ya jina, moja ya tarehe, moja ya malipo. Wanaojua Kiswahili kuliko Kifaransa wasikate tamaa: tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya aina hiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Faili moja inaweza kuchapwa kila Jumatatu na kubandikwa ukutani.

Wengi watasema, "Sisi tuna WhatsApp, yatosha." WhatsApp ni nzuri kwa kuitana. Kwa kutunza kazi si nzuri, kwa sababu agizo la Jumatatu linafunikwa na salamu, habari za msiba na nyimbo, na Alhamisi halionekani tena. Wengine hutaja KoboToolbox kwa sababu wameiona kwa mashirika. Hiyo ni ya kukusanya majibu ya maswali, na kazi hiyo inaifanya vizuri hata mahali pasipo na mtandao. Haikutengenezwa kwa kugawana kazi.

Siku ambayo intaneti haipo

Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima kwa siku 20 hivi. Aliyeweka majina ya wateja, tarehe na madeni yote katika kompyuta za ng'ambo peke yake hakuweza kuyafikia. Redio ziliendelea kuhitaji matangazo, na wateja waliendelea kudai.

Basi kila programu iulizwe swali hili: mtandao ukipotea leo jioni, kesho asubuhi tutafanyaje? Kama jibu ni "tutangoja", haifai Bunia. Programu nzuri hukubali orodha yote itolewe na kuchapwa. Wekeni siku moja ya wiki kwa kuchapa, na karatasi hiyo ishikwe na mtu asiye mratibu. Msisahau umeme. Simu yenye chaji kidogo hutumika kupiga, haitumiki kupanga kazi.

Nani ana neno la siri, na nani anaweza kusoma?

Hapa tungependa viongozi watusikilize kuliko mahali pengine pote.

Programu ya kazi ni daftari la majina. Inasema nani yuko wapi, saa ngapi, ana pesa za nani mkononi. Inasema kijana fulani atapita barabara fulani Jumanne kupeleka vitambaa. Katika mkoa wenye watu wenye silaha, habari hiyo si ya kila mtu. WhatsApp na nyingine zinaweza kufunga ujumbe njiani, lakini simu ikinyang'anywa kwenye kizuizi ikiwa wazi, yote yanasomeka. Hata mashirika makubwa hayana kinga kamili. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta walifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamaji au maafa.

Kwa hiyo andikeni kidogo. Jina la kwanza au alama yatosha. Usiandike kabila, wala hema analolala mtu, wala jina la aliyetoa ushuhuda katika tangazo la amani. Mteja anayetaka asijulikane apewe namba, na daftari la namba likae kwingine.

Kisha neno la siri. Likiwa kwa kijana mmoja mwenye simu nzuri, huyo amekuwa mkubwa wa kikundi bila kuchaguliwa. Siku atakapoondoka au kukasirika, kazi zote zimekwenda naye. Tunashauri watu wawili wenye ruhusa kamili, wa jamii mbili, mmoja wao mwanamke kama inawezekana. Mwanachama anayetoka kikundi aondolewe siku hiyohiyo, mbele ya wenzake, bila maneno ya aibu. Na wasio na simu? Mkutano mfupi wa kila asubuhi, orodha ikisomwa kwa sauti, unawapa wao haki ileile ya kujua.

Bei

Programu nyingi za kulipia huhesabu kwa kichwa na kwa mwezi. Fanyeni hesabu ya mwaka kabla ya kufurahi. Tukichukua mfano wa dola 5 kwa mtu, watu 8 ni dola 40 kwa mwezi, na dola 480 kwa mwaka, bila kuhesabu mega za intaneti. Ulizeni pia italipwaje. Kampuni nyingi za ng'ambo hutaka kadi ya benki, hazipokei M-Pesa wala Airtel Money. Kadi ya mjomba aliye Kampala husaidia mwezi wa kwanza, lakini kikundi kimetegemea tena mtu mmoja. Msaada wa mfadhili nao una mwisho, na kazi zilizofungwa ndani ya programu isiyolipiwa ni vigumu kuzitoa. Sisi tunaona kwamba kikundi cha watu wasiozidi kumi hakina sababu ya kulipa katika mwaka wa kwanza.

Mkishachagua, jaribuni kwa mteja mmoja tu, kwa mwezi mmoja, ubao ukiwa bado ukutani. Mkiona watu wanatazama ubao na kusahau simu, msiwalaumu. Rudini kuuliza programu inakosa nini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Tangazo letu la mwisho lililala wapi, na nani alijua?

Kati yetu, nani hana simu, nani hasomi, nani yuko kambi nyingine? Atajuaje kazi yake ya kesho?

Orodha yetu ikianguka mikononi mwa watu wabaya, nani angepata shida? Kuna neno gani tungeweza kuliondoa leo?

Neno la siri liko kwa nani sasa? Asiporudi jioni, tutaingiaje?