Dawa ya matende ilitoka kwenye udongo

KILA linapotangazwa zoezi la kugawa dawa za matende na mabusha katika miji yetu ya Pwani, huzuka maneno. Nimeyasikia vibarazani na hata nje ya msikiti baada ya swala: kwamba dawa hizo zimeletwa kutufunga uzazi, kwamba asiyeumwa hana sababu ya kumeza vidonge, kwamba fulani alimeza akaamka na homa na kujikuna mwili mzima. Naona wengi tunabishana juu ya kitu ambacho hatujui hata kimetoka wapi.

Moja ya dawa hizo ni ivamektini, inayogawiwa kwa jina la Mectizan. Mwanasayansi wa Japani, Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato mjini Tokyo, alikuwa na mazoea ya kutembea na mfuko mdogo wa plastiki, na kila aendako akichota udongo kidogo. Alikuwa akitafuta bakteria. Udongo mmoja aliuchota karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, na bakteria waliotokana nao wakapelekwa Marekani mwaka 1974 kwenye maabara ya kampuni ya Merck. Huko William Campbell na wenzake waliwajaribu kwa panya wenye minyoo. Minyoo ikafa. Kile kilichotoka kwa bakteria hao kikafanyiwa marekebisho kidogo, ikapatikana ivamektini, ambayo kuanzia mwaka 1981 iliuzwa kwa ajili ya mifugo.

Mtu atauliza, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinatengeneza dawa ya nini? Udongo, ndugu msomaji, una msongamano kuliko Kariakoo mkesha wa Idi. Katika kijiko kimoja wamo vijidudu mamilioni kwa mamilioni wakigombea chakula na nafasi, na baadhi yao hutoa sumu ya kuwazuia jirani zao. Sumu hiyo, ikipimwa vizuri, kwetu huwa dawa. Mashuhuri ni kundi la Streptomaisesi. Harufu ile ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha, kwa sehemu kubwa inatokana nao. Ndilo kundi lililotupa streptomaisini mwaka 1943, antibaiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, na ndilo lililotupa tetrasaikilini.

Wanaosema dawa hii ni mambo ya wazungu watupu wamsikie Dk. Mohammed Aziz, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Bangladesh. Alikuwa mtaalamu wa Merck, na ndiye aliyeongoza majaribio ya mwanzo kwa binadamu mwaka 1981 huko Dakar, Senegali, kwa wagonjwa wa usubi, maradhi yanayopofusha macho. Oktoba 1987 kampuni ikatangaza kuitoa bure kwa maradhi hayo, na mwaka 1998 ikaongeza matende. Omura na Campbell walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, Aziz alikuwa ameshafariki, na tuzo hiyo hawapewi maiti. Ni vijana wangapi katika shule zetu wanalijua jina lake?

Sasa hiyo homa na kujikuna. Minyoo ya matende huletwa na mbu, na mijini ni yule anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu. Minyoo mikubwa hukaa miaka kadhaa ndani ya mwili ikizaa vitoto vinavyozunguka kwenye damu, na mwenyewe anaweza asihisi kitu. Ivamektini huua vile vitoto, na vinapokufa kwa wingi mwili hushtuka: homa, muwasho, kichwa kuuma, kisha hupita. Kwa hiyo yule aliyejikuna usiku kucha pengine ndiye aliyekuwa akiihitaji zaidi. Na kwa kuwa minyoo mikubwa haifi kwa kidonge kimoja, zoezi hurudiwa kila mwaka. Mguu uliokwisha kuvimba hauwezi kurudi kama zamani kwa vidonge hivi. Mabusha yanahitaji upasuaji.

Kuhusu uzazi, wajawazito hawapewi, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipopata mlango. Hawapewi kwa tahadhari, kama zilivyo dawa nyingi, na watoto wadogo nao huachwa.

Sisemi kampuni za dawa ni malaika. Mwaka 1949 daktari wa Ufilipino, Abelardo Aguilar, alipeleka Marekani udongo wa kwao Iloilo. Ikatoka eritromaisini, ikauzwa dunia nzima, na yeye hakulipwa mrabaha hadi anakufa. Dhulma hiyo ni haki kuisema. Lakini tiba ya dhulma hiyo ni kuwa na maabara zetu na vijana wetu wa kuchota udongo wetu. Kukataa kidonge huku mguu unavimba hakumkomoi mtu yeyote Marekani.

Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba maradhi yana dawa zake tunaitaja sana tukiuza habbat sauda. Maimamu wetu waitaje pia Ijumaa inayotangulia zoezi, wakiwa wamekaa kwanza na wahudumu wa afya na kuwauliza maswali yote ya waumini. Na zoezi likiangukia Ramadhani, waombe vidonge vigawiwe jioni, baada ya futari.